Picha ya Thelathini na Sita ya Athumani Ntabaza

Epueni makarai ya samaki wa sambaza, enyi akina mama wa Kamembe! Zimeni redio, enyi vinyozi! Tegeni masikio niwasimulie vita vya Athumani Ntabaza, simba wa studio, bwana wa pazia la buluu, aliyewapiga nusu ya watu wa mji huu picha za kitambulisho bila hata mmoja wao kuthubutu kucheka.

Shujaa huyu aliapa mbele ya kinyozi Balagizi kwamba atarudi na picha ya mbega, kima wale wenye mikia mirefu wa msitu wa Nyungwe. Wala hakuishia kuapa. Fremu tupu alikwisha kuitundika studioni, na chini yake akaandika kwa rangi nyekundu: MNYAMA WA NYUNGWE. Balagizi naye akaleta kiti, akawa anakuja kila asubuhi kuitazama ile fremu na kucheka hadi anashika mbavu. Sasa akimkosa mnyama, mtu wetu atauficha wapi uso wake?

Siku tatu alipigana huko Bweyeye, kando ya msitu, akiongozwa na Nyiransabimana, mkulima wa huko, aliyembebea sanduku la vifaa kichwani. Siku tatu mbega walijaa mitini, na siku tatu jemedari, kwa mazoea ya kazi, akawangurumia: "Tulieni! Kidevu juu! Muntu asicheke!" Wakatimka wote. Filamu ilikuwa ya picha thelathini na sita. Thelathini na tano zikaishia kwenye majani na ncha za mikia.

"Papa Ntabaza," akanena Nyiransabimana, "banyama habajue studio. Funga kinywa, Papa!"

"Maman, kinywa hii imetuliza bibi-harusi benye kulia! Na hawa batatii!"

Ikabaki picha moja. Jemedari akakodolea macho matawini mpaka shingo ikakakamaa. Hapakuwa na hata mkia. Akainamisha kichwa, machozi yakimlengalenga, na lahaula! Juu ya sanduku, kichwani pa Nyiransabimana, amesimama kinyonga wa kijani, mwenye pembe tatu kama mfalme.

"Maman, usitikisike."

"Kuna nini ku kichwa yangu?"

"Mteja mwenye pembe tatu."

Nyiransabimana akaelewa. Naye, jamani, chui angemfukuza kwa jembe, lakini kinyonga alimwogopa tangu utotoni!

"Yesu wangu! Piga picha mbio, Papa!"

Ndipo Ntabaza akanguruma: "Tulia! Kidevu juu! Usicheke!"

Na kinyonga, enyi wasikilizaji, akatulia! Akainua kidevu! Jicho moja akalielekeza kwenye kamera, la pili akawaachia mbega waliotoroka. Pa!

Ijumaa fremu ikajaa. Kinyonga alikuwa juu kwa fahari zake zote, na chini yake uso wa Nyiransabimana, jasho tiririri, macho kayafumba, midomo katikati ya sala. Balagizi akakaa kitini pake, akatazama sana. Hakucheka.

"Huyu mama," akasema mwishowe, "mimi ningetupa sanduku."

Ntabaza akachovya brashi katika rangi nyekundu, akayaongezea maandishi yake, na Kamembe nzima ikaja kuyasoma: MNYAMA WA NYUNGWE, NA NYIRANSABIMANA ALIYETULIA.