Wageni Wako Wakiitwa Kula, Wanakuja

Mheshimiwa Mkuu wa Ofisi ya Wageni, Apia, yaani wewe Pelenato, mwana wa dada yangu,

Amani iwe kwako, kwa mkeo na kwa kiyoyozi chako. Huku kijijini hatujambo, ila tuna njaa.

Nakuandikia rasmi kuhusu kijitabu chako cha kuwajulisha wageni mila zetu. Ukurasa wa nne umeandika: "Wenyeji wakikuita kula, hiyo ni heshima kubwa." Mbona hukumalizia? Nimekulea mwenyewe, unajua nyumba zetu hazina kuta. Apitaye njiani anakuona unatafuna, basi huna budi kumwita, "Njoo ule!" Naye, akiwa na adabu, hujibu, "Asante, nimeshiba, endeleeni tu," hata kama hajatia kitu kinywani tangu juzi. Yeye anaondoka na heshima yake, mimi nabaki na chakula changu. Wageni wako wanaingia!

Malalamiko yangu ni haya:

1. Jumapili ya kwanza nilimwita mmoja tu, mrefu, mwekundu kwa jua. Akavua viatu, akaketi. Nikadhani anapumzika. Alikula palusami nne, zile za majani ya magimbi niliyoyaoka kwa tui, na tui lililobaki akalilamba.

2. Jumapili iliyofuata walikuja saba, kijitabu mkononi. "Mzee, sogea kidogo huko," wakamwambia mume wangu Iosua. Akasogea, akasogea, mpaka akajikuta nje na nguruwe.

3. Nimejaribu kuita kwa kunong'ona. Wanasikia! Kunyamaza nako siwezi, maana jirani yangu Lagi atatangaza, "Telesia siku hizi anakula kimyakimya kama mwizi," na hapo itanibidi nihame kisiwa.

4. Jumapili hii ni zamu yangu kumlisha mchungaji. Nimeingoja miaka miwili. Kila asubuhi Iosua ananichokoza, "Mke wangu, mchungaji atakula nini, kijitabu?" Mimi sicheki. Naogopa kuaibika.

Kwa hiyo naomba wageni wafundishwe kukataa, tena kwa mtihani. Kila mmoja anuse palusami ya moto robo saa, kisha aseme ameshiba. Atakayemeza mate arudishwe uwanja wa ndege.

Wasalimie watoto na makarani wako wote, hata yule aliyepiga chapa ukurasa wa nne.

Ni mimi mama yako mdogo, mwenye njaa na heshima zote,
Telesia

Nyongeza ya Jumapili: Mchungaji ameshaketi. Wamepita wasichana wawili wageni, nikawaita. Wakajibu kwa lugha yetu kabisa, "Asante mama, tumeshiba, endeleeni tu." Kumbe Lagi amewafundisha! Pelenato, nimeumia moyo. Jua lote lile, wembamba wote ule, waseme wameshiba? Mimi nina kasoro gani? Nimewakimbilia hadi darajani, nikawarudisha nimewashika mikono. Sasa wamekaa karibu na mchungaji, na Iosua yuko kwa nguruwe. Ukurasa wa nne usiuguse. Nitumie sahani sita.