Mishale Yangu Haina Kosa

Jumatatu, 3 Agosti
Jumamosi mjomba anakwenda kuwinda kwale. Safari hii atachukua mmoja wetu: mimi, au Tone, binti wa mama mdogo. Tunamwita Tone kwa udogo wake. Akiinua upinde unaona upinde tu. Sharti ni moja. Mwenye mishale inayoruka sawa na kutua pamoja kwenye gunia la majani ndiye atakayekwenda. Nimeiomba safari hii tangu darasa la pili.

Leo gunia langu halikuguswa. Mshale mmoja ulikata kona njiani kama mtu aliyesahau kitu nyumbani, ukagonga mlango wa choo. Baba alikuwa ndani. Maneno yake siyaandiki, shajara hii ni safi.

Nimechunguza. Kosa ni la mshale.

Jumanne, 4 Agosti
Mjomba amesema manyoya yangu yamechoka, nifunge mapya. Na yote matatu ya mshale mmoja yatoke bawa la upande mmoja, kulia tupu au kushoto tupu. Yakichanganywa hugombana hewani. Nikamshukuru kwa adabu. Lakini mjomba hakusoma sayansi. Sisi tumefundishwa mizani: weka kulia, weka kushoto, kitu kinatulia.

Nimemnyonyoa bata mzinga wa mama pande zote mbili, kwa haki. Kila mshale una unyoya mmoja wa kulia, mmoja wa kushoto, na wa mkia katikati kama mwamuzi. Mama ameuliza bata ana nini. Nimesema ni hali ya hewa.

Jumatano, 5 Agosti
Mishale inazunguka kama nzi aliyepuliziwa dawa. Mmoja ulivuka ukuta kwa jirani yetu fundi viatu. Aliurudisha mwenyewe, akauliza kwa upole kama kuna jambo amewakosea watu wa nyumba hii.

Mishale ya Tone inatua pamoja mpaka inasuguana. Akaniambia, dada, wako unacheza ngoma, nipe niutazame. Nimekataa. Utafiti una siri zake.

Alhamisi, 6 Agosti
Mjomba ametundika gazeti mbele ya gunia. Mshale ulionyooka hutoboa tundu dogo, unaoyumba huchana. Kwenye tundu langu angepita mbuzi.

Akaenda kunywa chai. Nikatundika gazeti jipya, nikalitoboa kwa penseli, kazi safi kabisa, nikamwita. Akaliangalia tundu. Akaliangalia gunia. Akauliza mshale uko wapi. Nikasema nimeshauchomoa. Akauliza, na gunia limepona lenyewe, mwalimu wetu?

Mama alicheka mpaka akaacha kufua. Tone hakucheka. Hilo ndilo lililoniuma.

Ijumaa, 7 Agosti
Nimemfumania Tone nyuma ya jiko, mishale yangu mapajani, gundi vidoleni, manyoya ya bata yametapakaa. Alishtuka. Akasema alikuwa anaipangusa vumbi.

Vumbi, kwa gundi. Ananihujumu, mtoto mdogo vile.

Sikugombana. Podo zetu za kubebea mishale zinafanana, mama mdogo alizishona kwa kitambaa kimoja. Nimebadilisha mishale iliyomo. Sasa yeye ana ile aliyoiharibu, mimi nina yake. Yake ni mifupi kidogo. Vizuri: mshale mfupi hauna nafasi ya kupinda.

Jumamosi, 8 Agosti
Nilianza mimi. Nikavuta mpaka sikioni kama kawaida. Ncha ikapita nyuma ya upinde, mshale ukakosa pa kulala, ukanidondokea kwenye dole gumba la mguu. Mjomba akasema mshale hupimwa kwa mkono wa mwenyewe, akauliza huu ni wa nani. Nikatazama mawingu.

Tone akachomoa wa kwake. Akautazama, akanitazama mimi. Akapiga mitatu. Yote ikatua mahali pamoja, ungeifunika kwa kisosi.

Ameondoka na mjomba kabla jua halijawa kali. Mimi nimefungwa kitambaa mguuni.

Lakini nimewaza. Mishale aliyopiga ni yangu. Kwa hiyo mishale yangu haikuwa na kosa tangu mwanzo, na sayansi ni sayansi.

Jumapili, 9 Agosti
Mama amenikabidhi bata. Nimlishe kwa mkono mpaka manyoya yaote. Bata ananitazama kama hakimu.

Tone amerudi na kwale wawili. Amekuja chumbani, hakusema neno kuhusu podo. Akanipa kifurushi cha manyoya kilichofungwa uzi. Akasema, haya ni ya kulia tupu, dada, nimekuchambulia mwenyewe. Mjomba akienda tena twende wote.

Nilitaka kumwambia kitu, nikasema asante tu.

Nimeyahesabu baadaye. Kulia tupu kweli. Hata zawadi mtoto yule anatoa nusu. Bahati nzuri, ya kushoto ya bata ninayo akiba, chini ya mto. Gundi nimeshaazima. Safari ijayo naiona hii hapa.