Kamati ya Kubonyeza Matangazo

Duniani kuna watu wa aina mbili: wanaofanya kazi, na Mkurugenzi.

Cheo hicho alijipa mwenyewe, siku alipofungua tovuti. Kabla ya hapo alikuwa fundi makochi katika karakana ya shemeji yake, kaka wa mkewe, na ukweli usemwe, mkono wake ulikuwa mzuri. Lakini kushindilia sponji chini ya amri ya shemeji kulimkera kuliko jino bovu. Shemeji ana maneno huyo! Ukikosea pini moja tu, karakana nzima inasimuliwa jinsi ulivyookotwa, ukalishwa, ukapewa na mke.

Basi Mkurugenzi akaanzisha tovuti ya kufundisha watu kutunza makochi. Jinsi ya kutoa doa la chai. Jinsi ya kuketi. Naam, jamani, makala nzima ya jinsi ya kuketi! Kampuni moja ikakubali kumwekea matangazo pembeni: msomaji akibonyeza tangazo, mwenye tangazo anakatwa hela, na Mkurugenzi anapata kijisehemu chake.

"Mke wangu," alisema akiwa amejinyoosha kitandani saa nne asubuhi, "sasa mimi nitalala, pesa ifanye kazi."

"Kulala hujawahi kushindwa," mkewe akajibu. "Tuisubiri hiyo pesa."

Pesa ikawa na aibu zake. Kampuni hailipi mpaka mapato yafike kiwango fulani, na mapato ya Mkurugenzi yalikuwa yakitambaa kama konokono. Wasomaji wenyewe walikuwa yeye, mkewe kwa kulazimishwa, na mtu mmoja wa mbali aliyeingia kwa kupotea. Na tayari bwana mkubwa alishamtangazia kinyozi, jirani na kila mwenye masikio kwamba mwisho wa mwezi anaacha kazi! Asipoacha, uso ataupeleka wapi?

Ndipo akakumbuka kwamba ana ndugu. Akawaita nyumbani Jumapili, wote isipokuwa shemeji, ambaye hakutakiwa hata kunusa habari hiyo. Mama mkwe akapewa uenyekiti, maana mama yule hata kwenye msiba wa watu asiowajua huwa anaongoza. Shangazi akawa katibu.

"Hatuwaombi hela!" Mkurugenzi akahutubia, amepanda juu ya kigoda. "Tunawaomba kidole! Kila mtu afungue tovuti, abonyeze tangazo. Asubuhi, mchana na jioni, kama dawa."

"Tukishabonyeza, tusome?" shangazi akauliza.

"Kusoma kwa nini? Ukisoma unachelewa. Bonyeza, funga, rudia!"

"Mwanangu," mama mkwe akasema kwa upole, "kidole changu kinauma kwa baridi. Naruhusiwa kutumia gumba?"

"Mama, hata kiwiko!"

Weee! Familia ikabonyeza! Ukoo ambao haujawahi kuelewana hata juu ya rangi ya lango ukawa kitu kimoja. Shangazi anamenya vitunguu, anabonyeza. Baba mdogo yuko kwa daktari wa meno, mdomo wazi, anabonyeza. Mama mkwe akawa anapiga simu kila jioni kuwakaripia wazembe. Haukupita muda, kiwango kikafikiwa, kikapitwa.

Kesho yake Mkurugenzi aliingia karakanani na suti, akaiweka nyundo mezani.

"Shemeji, nyundo yako hiyo. Mimi na sponji basi. Kuanzia leo ukitaka kuniona, weka miadi!"

Shemeji alikuwa anaikodolea simu yake, uso umemkunjamana. Hakuinua hata macho. "Haya. Nenda salama."

Mkurugenzi ikamuuma. Alikuwa amejiandalia ugomvi wa nusu saa.

Kufika nyumbani, barua pepe inamsubiri. Kampuni imeifunga akaunti yake. Mibonyezo si ya halali, na mapato yote yanarudishwa kwa wenye matangazo. Kama ana pingamizi, alete ushahidi.

"Si ya halali?" akafoka. "Wanadhani majini ndiyo yanabonyeza!"

"Mume wangu, nyamaza tu," mkewe akamsihi.

Anyamaze? Yeye? Akawakusanya ndugu, akawapanga kama timu ya mpira, kila mmoja kashika simu yake, akawapiga picha. Akaituma pamoja na maelezo: "Waheshimiwa, hawa ni binadamu halisi, tena ndugu zangu. Niliwaomba mimi mwenyewe. Aliyekaa katikati ni mama mkwe wangu, anawashinda wote, na anatumia gumba."

Jibu likaja upesi: "Tunakushukuru kwa ushahidi. Akaunti imefungwa maisha."

Pesa hana, kazi hana, na maneno aliyomwambia shemeji bado ya moto. Mkewe hakumlaumu, alimwonyesha mlango kwa kidevu, na Mkurugenzi akaelewa anatumwa wapi.

Safari hii hakuvaa suti. Akamkuta shemeji anacheka peke yake.

"Shemeji! Hela yangu imerudi! Niliweka tangazo la makochi yetu mtandaoni. Watu wakalibonyeza mpaka hela ikakauka, na mteja hata mmoja hakutia mguu hapa. Nikalalamika kwenye kampuni, leo wamenirudishia yote!"

Mkurugenzi akasogea karibu. "Na... wamekutajia waliobonyeza?"

"Hawajanitajia."

Mwenye akili angeishia hapo. Mkurugenzi akasema, "Usimlaumu mama, shemeji. Alibonyeza kwa nia njema."

Shemeji akaacha kucheka.

"Mama yupi?"

"Mama... wetu."

Shemeji akajibwaga kwenye kochi ambalo halijawekwa sponji, akazama mpaka magoti yakagusa kidevu. "Kikulacho ki nguoni mwako," akasema. "Mama yangu mzazi!"

Mkurugenzi akapiga magoti kwenye vumbi la mbao. "Nirudishe kazini, shemeji. Hata kushindilia sponji tu. Nakuomba sana, nimekoma."

"Sponji tayari ina mtu. Lakini wewe si ulitaka kula kwa matangazo? Utakula!"

Ndiyo maana leo ukipita barabara ya karakana utamkuta Mkurugenzi amesimama juani, amevishwa bango kifuani na jingine mgongoni: MAKOCHI IMARA, BEI NAFUU. Juzi gari la kifahari lilisimama mbele yake, kioo kikashuka. Mkurugenzi akajikohoza, akanyoosha mkono.

"Karibu sana, mheshimiwa. Mimi ndiye Mkurugenzi wa..."

"Sawa, sawa," dereva akamkata. "Hebu geuka kwanza, nisome na nyuma."