Mwanamke wa Saruji Juu ya Mlango Wetu

Jumatatu, 7 mwezi wa tatu 1955

Barua imefika. Tumepewa nyumba katika mtaa mpya wa kilima cha Nyamitaba! Mabati, sakafu ya saruji, bomba la maji uani. Papa Straton, baba yangu, karani wa kiwanda cha jibini, amepiga magoti. Tulikuwa tumekwama: Jumapili hii kampuni yake itaingiza ndama katika nyumba yetu ya sasa. Tukikosa hii, Papa atatupeleka kwa mjomba, katika msitu wa Walikale, na mimi sitafundisha watoto wa hapa kamwe. Nitakuwa nimemaliza shule bure.

Bwana Émile, mzungu aliyechora mtaa, hakutaka nyumba ziwe na namba. Anapenda miungu ya Warumi wa kale. Kila nyumba ina mungu wake wa saruji juu ya mlango. Wa kwetu anaitwa Venus.

Jumanne

Tumekwenda kuangalia. Ole wangu! Venus hana nguo. Hata kipande. Amesimama ndani ya gamba kubwa, anatabasamu. Papa amefunika macho yangu, halafu ya Mama, halafu yake. Amesema Mkristo hapiti chini ya mwanamke huyo, tena katika Kwaresima.

Jirani ni Annonciata, niliyesoma naye. Wao wamepata Minerva, mwenye gauni mpaka miguuni na kofia ya askari. Ameniuliza mbele ya watu wote: "Dada Drocella, yule mama wa kwenu iko anangojea kitenge?" Jibu nimelipata baada ya saa tatu, nikiwa peke yangu.

Jumatano

Mama ameniambia niende kwa Bwana Émile, mimi ninayejua Kifaransa, niombe tubadilishiwe. Nimesimama nyuma ya migomba yake asubuhi nzima. Alipotoka nimesema bonjour, nikakimbia.

Lakini huko mbioni nimepata wazo!

Alhamisi

Nimeamka mapema na ngazi ya kuazima. Nimemvisha Venus udongo wa mfinyanzi: shela, gauni refu, mikono ya kusali. Juu yake rangi ya bluu ya kanisani, niliyoomba kwa katekista bila kueleza vizuri. Sasa ni Bikira Maria kabisa.

Papa amevua kofia. Nimemwambia kwamba Bwana Émile ametubu, amembadilisha mwenyewe. Huo ni uongo, nitauungama kabla ya Pasaka. Mama ameingiza vibuyu vya maziwa kwanza, kama inavyotakiwa, ndipo nyumba inakuwa ya watu. Iko yetu!

Ijumaa

Mama Adelaïde wa kundi la rozari amepita njiani, ameona, amepiga magoti kwenye matope. Hadi mchana wamekuwa wanawake thelathini na mbuzi mgonjwa mmoja. Papa hawezi kumwacha mgeni bila maziwa. Maziwa yamekwisha. Kesho Padri anakuja kubariki.

Nimesugua mikono; bluu haitoki.

Jumamosi

Mvua imeanza katikati ya litania.

Kwanza shela. Halafu bega. Mama Adelaïde amesema, "Yesu wangu, anavua!" Papa amekimbia kufunika macho ya Padri, lakini Padri ni mrefu. Gauni lote limeanguka kwa mara moja juu ya kanzu yake nyeupe. Venus ametabasamu vilevile.

Padri ameuliza ni nani aliyefanya hivi. Mikono yangu ilikuwa bado ya bluu.

Bwana Émile amekuja kuangalia, amelia. Nilimvunja Venus pua nilipopanda ngazi. Amechukua ufunguo. Nyumba amepewa Papa Kanyamibwa, mzee asiyeona mbali. Mama ametoa vibuyu nje mchana, mbele ya mtaa mzima.

Jumapili

Ndama wameingia katika nyumba yetu ya zamani. Sisi tumelala ghalani, kati ya jibini. Mama analia polepole ili nisisikie, nami nasikia. Safari ya Walikale ni Jumatano.

Leo Annonciata amesema, akicheka, kwamba nyumba moja imebaki, ya Neptune, mungu wa bahari. Kila mtu ameikataa: mzee mwenye ndevu, uma wa meno matatu mkononi, watu wanasema ni Shetani mwenyewe.

Nimefikiri siku nzima. Ndevu ziko. Samaki wako miguuni. Mtakatifu Petro alikuwa mvuvi! Ni kukata meno mawili tu, lile la tatu liwe ufunguo wa mbinguni. Padri akinishukuru mbele ya watu nitaona haya sana, lakini nitavumilia.