Lodi Haroldi Hatumi Mshenga

Jumanne, 15 Mei 1956
Mvua tangu alfajiri. Miwa haikatwi Ramisi, kwa hiyo mimi, karani wa mizani, sina cha kupima. Nimesoma kutwa. Kitabu nilikiokota katika takataka za bibi mmoja wa Kizungu aliyerudi kwao. Lodi Haroldi, kabaila wa zamani mwenye kasri na farasi, anampenda Ledi Selestina. Ledi anatakwa na mtu mwingine, mnene. Sijala. Nasoma huku natembea, mlangoni mpaka dirishani. Shangazi Esha anasema namtia kizunguzungu.

Haroldi ndiye mimi! Selestina wangu ni Mwanaima, binti Mzee Abdurahman, hapa hapa Msambweni. Na mnene yupo: Boga, mwuza mbata wa Mwabungo. Hajasoma hata ukurasa mmoja maishani mwake. Ana baiskeli.

Jumatano, 16 Mei
Shangazi anasema Idi imepita, ndoa zinafungwa kila mtaa, kama namtaka Mwanaima atavaa buibui lake sasa hivi akanipose. Bi Kadzo, mama yake binti, ni rafiki yake tangu utotoni. Nimekataa! Lodi Haroldi hatumi shangazi. Huenda mwenyewe, kifua mbele. Shangazi akauliza huyo Haroldi ni mtoto wa nani. Nikamwambia baba yake ni tajiri, anakaa na mfalme. Akasema basi mama yake ana kazi.

Ijumaa, 18 Mei
Mambo yameiva! Haroldi kaikata pete yake vipande viwili. Kimoja kampa Selestina, kingine kakiweka kifuani. Selestina akazimia papo hapo.

Pete sina. Nimenunua doti ya leso, nyekundu, nzuri ajabu, nikaikata katikati. Kipande kimoja nikakipeleka mwenyewe. Bi Kadzo alikuwa uani akikuna nazi. Nikatoa shikamoo, nikasema hiki cha Mwanaima. Akakikunjua, akakigeuza, akauliza cha pili kiko wapi. Nikasema ninacho mimi, nitalala nacho juu ya moyo.

Akanitazama sana. Kisha akauliza binti yake ajifunge kiunoni kichwa kibaki wazi, au ajitande kichwani chini abaki uchi. Kitabu hakikulitaja jambo hilo. Ndani nikamsikia Mwanaima akicheka. Kicheko cha mapenzi? Cha namna nyingine? Siwezi kukaa kitako. Nimekwenda hadi sokoni na kurudi bila kununua kitu.

Jumapili, 20 Mei
Balaa! Jana Boga alimtuma ami yake, mzee wa heshima, na leso doti nzima nzima. Posa imekubaliwa. Nikahi ni Ijumaa hii, mtu mwenyewe hana subira.

Shangazi kanieleza yote. Mwanaima alikuwa akiningoja mimi tangu kabla ya Ramadhani, nipeleke mtu wa kusema neno. Alipoulizwa habari za Boga alichungulia njiani kwanza, kisha akasema haya, na iwe. Nimelia. Shangazi alijifanya anatafuta kibiriti.

Lakini ngoja! Nimerudi kitabuni. Siku ya harusi Haroldi anapanda ngazi za kanisa mbio, mkono juu, kumzuia padri. Sura imeishia hapo. Sikuendelea. Ya nini? Mwisho wake unajulikana.

Ijumaa, 25 Mei
Nimevaa kanzu na koti la kazini. Nimeingia msikitini mbio, mkono juu, nikapaza sauti: Mimi hapa! Nikamtafuta Mwanaima. Hayupo. Ndevu tupu.

Bila shaka hayupo! Bibi harusi yuko kwao ndani, baba ndiye anayemwozesha. Kila mtoto wa Msambweni analijua hilo. Hata mimi nilikuwa nalijua, kabla ya kitabu.

Mwalimu anayefungisha nikahi akafurahi kupita kiasi. Kumbe shahidi mmoja, mjomba wa Boga, alikwama kwenye matope njiani, na Mwalimu alikuwa ndiyo kwanza ameuliza nani atashika nafasi yake. Wakanikalisha mbele. Mzee Abdurahman akanishika bega, akasema mbele ya watu wote kwamba hakujua nina moyo mkubwa hivi. Ningesema nini? Mwalimu akaniuliza kama nimesikia na nashuhudia. Nikasema nimesikia, nashuhudia. Kwa ulimi wangu mwenyewe nimemwoza Mwanaima kwa Boga! Wakanipa halua ya kwanza. Nikaitia mfukoni.

Jumamosi, 26 Mei
Shangazi anasema yuko binti mpole kule Jego, niseme neno moja tu, atapanda basi leo. Nimemwambia asubiri, nasoma.

Laiti ningelifungua ukurasa mmoja zaidi! Haroldi naye alichelewa. Selestina akaolewa na yule mnene. Lakini sasa ndipo utamu ulipo: Haroldi anangoja, yule mnene anakula mabata na maandazi ya siagi, miaka inapita, siku moja anaanguka mezani. Selestina yu huru!

Mchana nimekutana na Boga, nikamuuliza hali. Mzima kabisa, inaudhi. Nimemwomba Shangazi tuwe tunapeleka biriani kwa maharusi kila Ijumaa, nyama ya mafuta, samli bila kubana mkono. Shangazi amefurahi mpaka machozi yakamlenga. Anasema hatimaye nimekua.