Mstari wa Ishirini na Moja

Jumatatu, 4 Agosti

Biblia arobaini mpya zimefika kanisani kwetu hapa mtaani Raila. Tafsiri mpya, Kiswahili chepesi, karatasi bado zinanukia. Mwalimu Sella wa darasa la vijana ametangaza kwamba Jumapili tunawatembelea wenzetu wa Kawangware, na mmoja wetu atasoma Neno mbele ya watu wote. Somo ni Mathayo 17. Msomaji ni mimi au Elvis. Mwalimu ataamua Ijumaa.

Mimi! Sijasoma kwa sauti mbele ya watu tangu darasa la sita. Naitaka nafasi hii hadi githeri imenishinda kula.

Elvis ana sauti ya muuza mitumba. Mimi nina akili. Mpango: kulinganisha Biblia mpya niliyoazima na ile ya zamani ya Mama, neno kwa neno, halafu nimpe Mwalimu Sella ripoti. Paulo alimwambia Timotheo kwamba Maandiko yote yana pumzi ya Mungu. Pumzi ya Mungu haipotezi hata herufi. Kama tafsiri ina kosa, nitaliona.

Jumanne, 5 Agosti

Siamini. Siamini!

Mstari wa ishirini, halafu ishirini na mbili. Wa ishirini na moja HAUPO. Nilidhani kurasa zimeshikana. Nikapuliza. Nikaenda mlangoni kwenye mwanga. Hakuna! Kwenye Biblia ya Mama upo, unahusu kusali na kufunga. Na Mama hufunga kila Ijumaa!

Nilimwambia taratibu, nikihofia presha. Akaendelea kukata mboga ya sukuma. Akauliza kama huyo aliyeutoa alikuwa na njaa. Kisha akasema yeye alianza kufunga kabla hajajua kusoma, kwa hivyo nipunguze kelele, nichukue mtungi, nikachote maji.

Mstari mzima wa Mungu umeibwa, na mimi natumwa maji.

Jumatano, 6 Agosti

Nimemwomba Anti Katunge, anayesafisha kanisa, ufunguo. Nikasema nataka kupangusa vumbi kwenye Biblia. Biblia zenyewe zina siku tatu! Alinitazama kwa muda mrefu. Akanipa.

Nimeurudisha mstari kwa biro ya buluu, pembeni mwa ukurasa. Kufikia Biblia ya ishirini mkono ulikuwa umekufa ganzi. Nikaanza kufupisha. Kuanzia ya thelathini nimeandika tu "kusali, kufunga n.k." Mungu anaelewa.

Nje nikakutana na Elvis. Akaona vidole vyangu. "Niaje Prof! Siku hizi unapaka watu mageti?"

Nikaficha mikono mfukoni. Mashujaa hawajibu.

Ijumaa, 8 Agosti

Mwalimu Sella alifungua Biblia moja. Akafungua ya pili. Ya tatu. Akauliza nani.

Nikasimama. Sauti ilitoka! Nikaeleza pumzi ya Mungu. Nikaeleza wizi. Nikasema watafsiri wametuibia mchana kweupe. Nikajua nafasi ni yangu.

Mwalimu akaniomba nisome ukurasa wote. Nikasoma. Akasema hadi chini kabisa. Nikasema nimefika chini. Akasema chini zaidi, Ambrose, chini ya ule mstari mwembamba.

Herufi ndogo kama sisimizi. Mstari wa ishirini na moja! Mzima! Pamoja na maelezo kwamba nakala nyingine za kale zinao na nyingine hazina. Mimi, niliyesoma hadi kamusi, sikusoma hapo!

Mwalimu Sella alisema, bila hasira, ambayo ni mbaya zaidi, kwamba mtafsiri mwaminifu hafichi wala haongezi. Akiwa na shaka, humwambia msomaji. Halafu akainua Biblia moja na kuuliza hii "n.k." niliitoa katika nakala gani ya kale.

Elvis alianguka kutoka kwenye benchi. Akacheka hadi mwisho wa kipindi. Atasoma yeye.

Jumapili, 10 Agosti

Kawangware. Kanisa limejaa hadi mlangoni. Elvis akashika Biblia ya kwanza aliyoiona kati ya zile mpya tulizokuja nazo. Elvis husoma chochote kilicho mbele yake. Akafika mstari wa ishirini. Akaona wino wa buluu. Akanguruma:

"Kusali, kufunga, na kadhalika!"

Mchungaji akavua miwani, akaivaa tena, akatafuta kwenye Biblia yake. Mwalimu Sella akafumba macho. Bibi mmoja wa mbele akainua mkono na kusema amina. Wengine wakaitikia. Amina!

Nilipigwa na butwaa. Elvis alisoma. Lakini mimi nilisomwa!

Jioni, nikiwa na furaha, nikafungua Marko 9 kwenye Biblia mpya ili nijituze. Arobaini na tatu. Arobaini na tano. Arobaini na saba.

Siamini. MIWILI!

Kuna herufi ndogo fulani pale chini, lakini macho yangu yamechoka na hili ni jambo la dharura. Biro ya buluu imeisha. Nimepata nyekundu, itaonekana vizuri zaidi.

Nimeshamwambia Anti Katunge kwamba vumbi limerudi.