Mfuko Uliochimba Nyasi za Bwana

Akina mama wa Getembe, Nyakoe na Ogembo, mnatangaziwa kwamba serikali imemtambua mnyama aliyechimba mashimo arobaini na moja katika nyasi za Bwana Mkubwa, mzungu wa boma. Ni mfuko. Naandika mimi Persis, mama yake Thadeus, Mshonaji Mkuu wa Mifuko, ili mjihadhari.

Ilikuwa hivi. Mwaka wa 1938 Bwana aliamka akakuta nyasi zake zimetobolewa. Akaunda Kamati ya Kutambua Wanyama Wadogo: Chifu Nyangate mwenyekiti, mzee Onyancha mtegaji, na mwanangu Thadeus karani. Walikaa wiki nne. Nguchiro alionekana hana hatia, maana aliitwa asije. Panya aliahirishwa. Katika shimo la saba wakaokota yai jeupe, dogo, gumu, lenye vidoa vya kubonyea. Kuku wangu akaamriwa alilalie. Alilalia siku ishirini na moja, na mpaka leo akiniona ananipa mgongo.

Mwisho mzee Onyancha akanusa udongo. "Andika fuko. Huyu kipofu anayelima chini kwa chini."

Sasa, Thadeus wangu alichapwa sana shuleni kwa kusema "fuko" badala ya "mfuko". Akamsahihisha mzee, kwa faida ya serikali. Akaandika: Mchimbaji ni mfuko.

Bwana alikuwa amefaulu mtihani wa Kiswahili, kwa hiyo hakuuliza mtu. Akatia sahihi: kila mfuko ulio ndani ya boma ushonwe mdomo, bila kujali cheo cha mwenyewe. Ukipatikana mfuko wenye udongo, mwenyewe atafukia mashimo yote kwa mikono yake.

Nikaajiriwa. Nilishona makarani, nikashona askari, nikashona kanzu ya Shariff wa dukani aliyekuja tu kuuza sukari.

"Na ugoro wangu niweke wapi, Mama Thadeus?" Chifu akaniuliza.

"Peleka maombi, Chifu."

Akauweka ndani ya kofia. Kila akivua kofia kusalimia mzungu, chafya tatu.

Siku moja Thadeus akanivuta kando. "Mama, nimekosea. Fuko ni mnyama kweli!"

"Nyamaza wewe! Karatasi ina mhuri."

Lakini mashimo yalizidi. Bwana akafoka barazani: "Mifuko yote nashonwa, shimo naongezeka! Karani nadanganya. Jumatatu, jela, miezi sita!"

Mtoto ninaye huyo mmoja tu. Nikashika sindano yangu, nikapiga hatua mbele.

"Bwana, bado mfuko mmoja."

"Ya nani?"

"Wa kaptula yako. Amri inasema bila kujali cheo."

"Mimi hapana shonwa!"

Chifu akavua kofia, akapiga chafya. "Sahihi ni yako, Bwana."

Watu wote walikuwa wanatazama. Bwana akasimama wima kama anapigiwa saluti. Nikapindua mfuko. Ukamwaga udongo, mizizi ya nyasi, na mayai matatu, ndugu kabisa wa lile la kuku wangu.

"Bwana," nikasema, "mfuko wako umetaga."

Hapo Joash, mpishi wake, akaeleza kwamba Bwana hutoka alfajiri na fimbo ya chuma kujifunza gofu, kupiga hivyo vimpira, maana daktari wa misheni humshinda kila Jumamosi. Akikosa kimpira, hupiga ardhi.

"Hukosa sana?" mzee Onyancha akauliza.

"Nenda kahesabu mashimo."

"Na mbona hukusema?"

"Kamati ilikuwa ya wanyama, mzee. Sikutaka kumtukana mwajiri."

Bwana alifukia mashimo yote arobaini na moja, amepiga magoti. Jasho lilipomwingia machoni akatafuta leso. Mfuko nilikuwa nimeshaushona, mishono miwili miwili. Thadeus alisimama pembeni na karatasi, akiandika shimo moja moja.

Basi, mama mwenzangu, jihadhari. Mwanao akikosea Kiswahili mbele ya serikali, usikimbilie kumsahihisha. Kwanza pekua mfuko wa mkubwa.